Nairobi wana KICC, sisi Arusha bado tunaelekezana kwa Mnara wa Saa. Kwanini?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi naendesha boda hapa Arusha, kijiwe chetu kiko karibu na Friends Corner. Juzi nimembeba mgeni katoka Nairobi, njia nzima ananiambia mji wenu mzuri ila hauna jengo, sisi tuna KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta, ukiiona tu unajua hii Nairobi. Nikakosa jibu. Na kweli abiria wangu wote wanasema nipeleke Mnara wa Saa, kanara kenyewe kadogo, wakati maghorofa marefu yapo. Sasa je, tukijenga ghorofa hata 40 pale mjini ndo tutakuwa na alama? Na kwanini mpaka leo hatujajenga? Afu hiyo KICC mtu wa kawaida anaruhusiwa kupanda juu?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho sisi wasanifu na watu wa mipango miji tunabishania kwenye vikao mpaka chai inapoa. Ghorofa 40 Arusha inawezekana, ufundi upo na mafundi wapo, ila likisimama tu pale mjini bila mtu kufikiria limesimama wapi na chini yake kuna nini, abiria wako wataendelea kukwambia Mnara wa Saa, na hilo ghorofa watalijua kwa kuliona kwa mbali basi.

Tuanze na hiyo KICC ya mgeni wako maana ndo mfano mzuri kuliko yote huku kwetu Afrika Mashariki. Ni ghorofa 28, mita kama 105 hivi, ilizinduliwa 1973 na Mzee Kenyatta, michoro alichora Mnorwe anaitwa Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na Mkenya David Mutiso, na wazo la mwanzo lilikuwa makao makuu ya chama cha KANU, baadae likakua likawa ukumbi wa mikutano kabisa maana mwaka huohuo Benki ya Dunia na IMF walikuja kufanya mkutano wao Nairobi. Sasa mwambie mgeni wako akuhesabie, Nairobi ya leo KICC ni ya ngapi kwa urefu? Times Tower iliipita zamani, afu kule Upper Hill kuna UAP Old Mutual, kuna Britam yenye mita kama 200, yani karibu KICC mbili ukizipandisha moja juu ya nyingine. Lakini Kenya walipotoa noti mpya 2019, jengo waliloliweka mbele kwenye noti zote, kuanzia ya hamsini mpaka ya elfu moja, ni KICC. Hiyo Britam yenye urefu mara mbili hawakuiweka.

Kwanini? Umbo kwanza. Mnara umekaa kama duara, rangi ya udongo, kichwani ina lile sahani, na pembeni chini kuna ule ukumbi wenye paa la pembe linalochongoka, mtoto wa darasa la pili anaweza kuichora kwa mistari minne na ukaijua. Minara mingi ya ofisi inayojengwa sasa hivi ni vioo vya bluu, ukimpa mtu picha hajui ni Nairobi, Dar au Dubai. Ila kitu ambacho watu wengi hawakioni ni uwanja. KICC imeachiwa nafasi, mbele yake kuna eneo wazi kubwa lenye sanamu ya Kenyatta, bunge na mahakama ziko hapohapo karibu, watu wanapita kwa miguu, wanapiga picha, wanasubiriana. Unaweza ukasimama ukaiona yote kuanzia kisigino mpaka utosi. Jaribu kufanya hivo kwenye mnara uliobanwa katikati ya mtaa, utaumia shingo na hutaona kitu.

Kuna mpangamiji mmoja wa Marekani, Kevin Lynch, alichapisha utafiti wake 1960. Alichofanya ni kitu rahisi mno, alikaa na wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles akawaomba wachore ramani ya mji wao kutoka kichwani, afu wamwelezee njia ya kutoka nyumbani mpaka kazini, wanaona nini, wanakata kona wapi. Yani alifanya kile ambacho wewe unafanya na abiria kila siku asiyejua jina la mtaa. Kule Boston akakuta jambo la ajabu, kuna minara kama ule wa Custom House, mita 151, uko pale tangu 1915, kila mtu anaujua ukiwa mbali, ila ukimuuliza mtu sasa mguu wake uko wapi, mlango uko mtaa gani, anababaika. Ni mnara una kichwa hauna miguu. Wakati jumba la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu, ambalo kwa urefu halifiki popote, watu walijua kichwa chake na miguu yake pia, maana limekaa kilimani na mbele yake kuna uwanja mkubwa wa watu wote wa Boston Common.

Hapo ndo nataka ukae kidogo. Alama ya mji inafanya kazi mbili, kukuonyesha uko upande gani ukiwa mbali, na kukwambia umefika ukiwa karibu. Ghorofa refu kazi ya kwanza linaweza, kazi ya pili mara nyingi linashindwa kwasababu chini kuna geti, mlinzi, sehemu ya magari, na ukuta wa marumaru usio na hata mlango wa duka. Wewe mwenyewe umewahi kumshusha mtu "pale kwenye ghorofa"? Atakuuliza ghorofa lipi.

Sasa angalia Mnara wa Saa wetu. Ni mdogo kweli, hata mti wa pembeni unaushinda. Lakini uko katikati ya kiplefti, Sokoine inaishia pale, Barabara ya Boma inaanzia pale kupanda kwenda Boma la Mjerumani, Goliondoi iko hatua chache, huwezi ukakatiza mjini bila kuuzunguka. Halafu una stori yake, ile kwamba hapo ndo katikati ya njia ya kutoka Cairo mpaka Cape, kila mgeni anaambiwa hiyo. Ukipima kwenye ramani unaweza ukabishana nayo mpaka asubuhi lakini haina shida, stori imeshakaa. Na makonda wa hais wanautaja kila siku. Hebu sikiliza vituo vinavyotajwa mjini hapa, Friends Corner, Impala, Philips, Sanawari, Fire, Kilombero, hakuna hata kimoja kilichopata jina kwasababu ya urefu. Impala ni hoteli ya kawaida tu kwa kimo ila ilikaa kwenye kiplefti chenye shughuli, basi kiplefti chote kikachukua jina lake. Wakati Mafao House ya NSSF pale Old Moshi Road ni refu, jengo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro pale Goliondoi ni refu, watu wanayajua, wanayataja pia, lakini mara nyingi anayeyataja ni yule anayeenda humohumo ndani.

Ujirani wa mlima nao unachangia, na hapa ndo Arusha tunatofautiana na Nairobi kabisa. Nairobi ya mjini imekaa sehemu ya tambarare, ukijenga mnara wa mita 100 mwaka 1973 unaonekana peke yake angani, hauna mshindani. Sisi tuna Meru. Mji uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Meru ni mita 4,566, yani mlima umetuzidi kwa zaidi ya mita 3,100 na uko hapo hapo kaskazini mwa mji unatuangalia. Ghorofa 40 zina kama mita 150 hivi, kile kijengo cha Bandari pale Dar chenye ghorofa 35 ni mita 157 kwahiyo hesabu haiko mbali. Mita 150 mbele ya mlima ule ni sehemu moja ya ishirini, ni kusimamisha njiti ya kiberiti pembeni ya mguu wa meza. Ukitoka Kisongo unaingia mjini macho yanaenda mlimani kwanza, labda siku ina mawingu. Kazi ile ya kukuonyesha uko upande gani Meru anaifanya bure tangu babu zetu, mtu akipotea Ngarenaro anatafuta mlima uko wapi anajua kaskazini ni huko, safari inaendelea. Moshi nao vivo hivo na Kibo yao, ndo maana hata kule mji unaendeshwa na kanara ka saa tu na jengo la KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, na hakuna anayelalamika.

Kwahiyo mnara mrefu Arusha unaweza ukafanya kitu kibaya kuliko kutokuonekana, unaweza ukaziba mlima. Mitaa kama Boma na Goliondoi inapanda kuelekea kaskazini, ukiweka dude la ghorofa 40 kwenye njia ya macho umechukua alama iliyopo umeweka nyingine ya vioo. Vancouver kule Kanada wana mji wa maghorofa uliobanwa na bahari na milima, na tangu 1989 wana sheria za kulinda mwonekano wa milima, wamechora mistari kwenye ramani kutoka sehemu fulani za wazi mpaka mlimani, na ghorofa lolote likigusa huo mstari linapunguzwa. Wamejenga minara mingi tu, ila unapangiwa uende wapi. Mimi kama ningepewa kalamu pale jiji leo, hicho kitu kingekuwa cha kwanza kabla hata ya kuongelea ghorofa ngapi. Kupanga mistari kabla mwekezaji hajanunua kiwanja ni rahisi, ukishachelewa ni kesi mahakamani.

Paris wenzetu walijifunza kwa maumivu. Walisimamisha Tour Montparnasse 1973, mita 210, jeusi, peke yake katikati ya mji wa nyumba fupi. Watu walilichukia mpaka 1977 jiji likaweka kikomo, ndani ya jiji la Paris jengo jipya lisizidi mita 37. Utani wao mpaka leo ni kwamba juu ya lile jengo ndo sehemu nzuri ya kuangalia Paris, maana ukiwa pale hulioni. Ni alama kweli, hakuna anayebisha, ila alama ya kutia watu hasira.

Sasa swali lako la pili, kwanini hatujajenga. Watu wanadhani ni umaskini, hela ipo bana, tatizo ni hesabu. Ghorofa refu linajengwa pale ardhi inapokuwa ghali kiasi kwamba njia pekee ya kurudisha hela ni kwenda juu, na pawe na wapangaji wa kujaza. Wapangaji wakubwa wa ofisi Arusha ni nani? Makampuni ya utalii na mashirika. Kampuni ya utalii inataka yadi, ina Land Cruiser kumi zinaingia na matope ya Serengeti, inataka sehemu ya kuosha, stoo ya mahema na gereji, huyo utampangisha ghorofa ya 27? Ndo maana wanachukua nyumba zenye uwanja Njiro, Sakina, Kijenge huko. Mashirika nayo hivohivo. Wateja wanaobaki ni benki, bima, wanasheria na serikali, hao kujaza ghorofa 40 hapa ni kazi, na ndo maana minara mingi ya Tanzania utakuta ya mifuko ya pensheni au taasisi za umma ambazo zinaweza kusubiri miaka mingi hela irudi. Hata wakubwa hili limewakuta, Empire State pale New York ilifunguliwa Mei 1931 katikati ya mdororo wa uchumi, ghorofa 102, ofisi zikakaa tupu mpaka watu wa mjini wakaibatiza jina la Empty State, na kilichokuwa kinaiingizia hela ya maana ni viingilio vya watu wanaopanda juu kuangalia mji. Sasa wewe kumpandisha mtu kwenye lifti umtoze hela aangalie mandhari Arusha, wakati akipanda kidogo tu miguuni mwa Meru anaiona Arusha yote bure na upepo juu, sijui kama biashara itakaa.

Afu kuna gharama ambazo hazionekani kwenye picha. Maji, kila mita kumi unayopandisha inataka msukumo wa baa moja (baa ni kipimo cha msukumo), mita 150 ni baa 15, koki za chini zingezidiwa, kwahiyo unagawa jengo vipande vipande, kila kipande na tangi lake na pampu zake. Lifti nazo, ukiongeza ghorofa lazima uongeze lifti, na kila lifti inayoenda juu inapita kwenye ghorofa zote za chini ikila nafasi ambayo ungepangisha, kwahiyo unafika sehemu ghorofa moja ya ziada haikuongezei kitu. Umeme ukikatika lazima jenereta ibebe lifti na pampu kwa pamoja. Moto ndo usiseme, ngazi nyingi za magari ya zimamoto zinaishia kwenye mita 30 hivi, zaidi ya hapo jengo lenyewe lijizimie, liwe na mabomba ya maji kwenye ngazi, vipulizi darini, na ngazi za dharura zisizoingia moshi. Hayo yote yanawezekana, yanafanyika Dar, ila kila kimoja kina bei na kinataka matunzo mpaka jengo lizeeke.

Na kuna ardhi inayotembea. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Julai 17, 2007 lilipiga tetemeko la 5.9 upande wa Gelai karibu na Ziwa Natron, hapa Arusha tulitikisika na Nairobi watu wakashuka mbio kutoka kwenye ofisi za maghorofa, wiki kama saba baadae volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Hiyo haimaanishi usijenge kwenda juu. San Francisco wana Transamerica Pyramid, mita 260, ghorofa 48, ya mwaka 1972, na tetemeko la 1989 la 6.9 lilipopiga kilele chake kiliyumba kama sentimita 30 kushoto kulia na jengo likabaki salama, maana limechorwa kwa ajili hiyo, chini pana juu jembamba. Kwa kweli nikiogopa tetemeko Arusha siogopi mnara uliopigiwa hesabu na mainjinia, naogopa lile ghorofa nne za uchochoroni lililoanza kama mbili, nondo zikaachwa zimechomoza juu, mwenye nyumba akapata hela akaongeza.

Na hiyo Transamerica naipenda kwa kitu kingine. Mwanzo wakazi waliipinga sana, mchongoko gani huu unatuharibia mji, leo ukitaka kumtajia mtu San Francisco na haujataja daraja lile jekundu la Golden Gate, utataja hiyo. Umbo linasaidia, ndio, lakini nenda chini yake, wamepanda kamsitu ka miti mirefu ya redwood katikati ya mji, wafanyakazi wa ofisi za karibu wanakaa hapo kula mchana. Miguu ipo. Mnara wa kampuni binafsi lakini mpita njia naye ana cha kwake pale chini. Kama kuna mtu atakuja kujenga refu Arusha hiyo ndo ningemwomba, kivuli chini, miti, mama ntilie na wauza kahawa wawe na sehemu inayoeleweka, vibaraza vya maduka vinavyofungukia barabarani, na nyinyi watu wa boda mpewe maegesho badala ya kufukuzwa na mgambo. Hata likiwa ghorofa 12 tu nakuhakikishia konda ataanza kulitaja ndani ya mwaka.

Mgeni wako akirudi, jibu unalo. Mpandishe mpeleke AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa. Mwonyeshe yale majengo matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, sio marefu hata kidogo, yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano. Agosti 1993 Wanyarwanda walisaini mkataba wa amani hapa Arusha, ule unaoitwa duniani kote Mkataba wa Arusha. Baada ya mauaji ya kimbari Umoja wa Mataifa wakaleta mahakama yao humohumo, na Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kesi ya Akayesu, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Agosti 2000 Mandela na Clinton walikuja kwa ajili ya mkataba wa amani wa Burundi. Mwanasheria yeyote duniani anayesoma mambo ya haki za kimataifa analijua jina la Arusha kwasababu ya yaliyotokea kwenye yale majengo, na pengine hajui hata yana ghorofa ngapi. Muulize Mkenya wako KICC kuna hukumu gani imetoka. Ila umuulize kwa utani, KICC nayo ni jengo zuri na mimi kama msanifu sioni aibu kusema tungekuwa na moja.

Kupanda juu ya KICC, ndio, mtu yeyote anaruhusiwa, kuna kiingilio na wageni wa nje wanalipa zaidi ya Wakenya, unalipia chini unapanda lifti mpaka karibu na juu afu unamalizia kwa ngazi, juu kuna uwazi uliokuwa wa kutua helikopta. Nenda asubuhi kabla ukungu na moshi wa magari haujapanda, beba kitambulisho au pasi maana getini wanakagua, na kama kuna mkutano mkubwa wa serikali siku hiyo uliza kwanza kabla hujapoteza nauli ya kutoka ulipofikia.